Jiwe la Mashine ya Raketi

Neno lililotuponza lilikuwa jiwe. Mzee wa Kihagara alilitamka mbele yetu wazi kabisa, mama akalisikia, mimi nikalisikia, na kila mmoja wetu akaondoka pale akiamini amelielewa. Nilitaka kumwuliza, jiwe gani? Swali lilipanda hadi kwenye meno likakaa hapo. Ndivyo nilivyo. Naandika sana kwa sababu siongei, na siongei kwa sababu kabla sijafungua mdomo nimeshajisikia nikikosea.

Mama ni nesi. Kwetu ni Lushoto, ila alihamishiwa Mbinga nikiwa bado shule ya msingi, tukashuka kwenye basi na magodoro, ndoo za vyombo na cherehani ya bibi iliyofungwa ndani ya kanga. Shuleni wenzangu waliongea Kimatengo wakati wa mapumziko na Kiswahili mwalimu akipita. Mimi sikuongea chochote wakati wowote, wakaniita Bubu. Halikuwa jina la chuki. Lilikuwa kama mtu kuitwa Mrefu.

Mahali pekee nilipokuwa na sauti ni uwanja wa tenisi. Usicheke, Mbinga kuna uwanja wa tenisi. Uko nyuma ya majengo ya zamani ya kahawa, sakafu ya saruji iliyopasukapasuka, na baada ya mavuno watu huanika mahindi juu yake, kwa hiyo ukitaka kucheza unaomba ruhusa kwanza, halafu unayasogeza pembeni kwa ufagio. Tulicheza wawili wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa kidato changu, mtoto wa wakulima wa Maguu aliyepangishiwa chumba mjini ili asome. Yeye alikuwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili, dukani, darasani, kwa mwalimu. Lakini mpira ukiwa hewani mimi ndiye niliyekuwa nikiamuru. Wangu. Acha. Nje huo. Sauti yangu ilinishangaza kila mara, kama vile kuna mtu amesimama nyuma yangu.

Shule ilikuwa na raketi nne zilizoletwa na mgeni fulani zamani. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika na kuungwa, zikakatika tena na kuungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, hadi zikalegea kabisa. Mwalimu wa michezo aliziita vyandarua. Mashindano ya mkoa yalipokaribia alituita ofisini, akainua moja kwenye mwanga wa dirisha na kututazama kupitia matundu yake.

"Nikienda Songea na vyandarua hivi watatucheka mpaka tufike nyumbani," alisema. "Leteni raketi zenye nyuzi za kueleweka. Zisipopatikana kabla sijapeleka majina, viti vyenu nawapa netiboli."

Mwenzangu alijaribu kumbembeleza. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alituambia tu kwamba gari ni moja na viti havizaliani. Tukatoka. Hakuna mtu anayefunga nyuzi za raketi Mbinga, wala Songea hatukusikia kama yupo. Kuzituma Dar na kuzisubiri zirudi ni habari ya wakati ambao hatukuwa nao. Jioni ile niliona ule mwaka mzima uliobaki shuleni ukiwa umekaa kimya mbele yangu kama chumba kisicho na dirisha, nikaogopa. Sisemi nilisikitika. Niliogopa.

Ndipo ikaja picha kwenye simu ya mama. Mwenzake wa kazi aliyeko zahanati ya Kihagara alijua habari za tenisi yangu, na alikuwa ameona kitu kwa mzee mmoja jirani yake aliyewahi kutunza nyumba ya wageni kando ya ziwa. Mwenye nyumba alipofunga na kurudi kwao, alimwachia mzee vitu vya kuuza, na kimojawapo kilikuwa mashine ya kufungia nyuzi za raketi. Mzee hakutaka fedha. Alitaka cherehani kwa ajili ya mke wake.

Nilimtazama mama akila. Nilimtazama muda mrefu hadi akaacha kutafuna.

"Mama, naomba tumpe cherehani," nikasema.

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikishona sare za watoto wa jirani baada ya zamu, na ndiyo aliyoachiwa na mama yake. Aliosha mikono, akaifuta kwa taulo kidole kimoja kimoja.

"Tangu tuhamie huku hujawahi kuniomba kitu," alisema. "Hata chumvi mezani unanyoosha mkono tu." Halafu akaenda kuitafuta ile kanga.

Tulishuka ziwani na gari la asubuhi. Kutoka Mbinga barabara inateremka kwa kona baada ya kona, na kila kona sweta linazidi kuwa adui, mpaka unafika chini ukiwa umelikunja kwenye mapaja. Kihagara kulikuwa na harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, walioanikwa. Mzee tulimkuta kwenye baraza amebana wavu kwenye mashine yenyewe, akiushona matundu. Nilimwamkia, Shikamoo, akasema marahaba mjukuu wangu, na huo ndio ukawa mchango wangu wa siku nzima.

Mashine ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Kitako cha chuma, sahani inayozunguka ambayo raketi hulazwa juu yake, vishikizo vya kuibana fremu, viwili kati yake vimepotea, vibano vya kushikia uzi, na ubavuni fimbo ndefu ya chuma iliyoning'inia kama mkono uliolala. Mzee alitoa na rola la nyuzi lililobaki. Mke wake alikuwa tayari amekalia kigoda mbele ya cherehani, akilipapasa gurudumu kwa kiganja, na nilijua kwamba hata tukibadili mawazo yule mama hatainuka.

"Kilichopungua ni jiwe lake tu," mzee akasema. "Lilikwenda sokoni na wauza samaki, halikurudi. Mkiweka jiwe, inavuta yenyewe. Wewe unatazama tu."

Mama akauliza kama ni jiwe kubwa au dogo. Kubwa, mzee akasema. Moja linatosha? Linatosha sana. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo ndipo swali langu lilipokwama kwenye meno.

Tulipofika Mbamba Bay kubadili gari, mama aliingia dukani akanunua mawe makubwa ya tochi, betri zile nene. Alinunua mawili, moja la akiba.

Nataka nieleze jinsi tulivyoitafuta ile nafasi ya kuweka jiwe, kwa sababu sasa naweza kucheka kidogo. Tuliigeuza mashine chali. Tuliipindua ubavu. Mama alitoa miwani ya kusomea dawa akachunguza kila kitundu, akajaribu kusukuma jiwe la tochi chini ya sahani, kwenye mfereji wa vibano, nyuma ya kitako. Nilivuta uzi kwa mkono nikaona unalegea uleule ulegevu wa siku zote. Mama akamtumia ujumbe yule mwenzake wa Kihagara kwamba mashine haivuti. Jibu likarudi: Mzee anasema wekeni jiwe. Mama akaandika kwamba hatuoni pa kuliweka. Jibu: Mzee anacheka, anasema panaonekana hata usiku.

Kesho yake tuliipeleka kwa fundi redio aliye karibu na stendi. Alizilegeza skrubu zote, akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria, akainama kwa muda. Alisema haina waya hata mmoja, haina mota, wala alama kwamba iliwahi kuwa nayo. Kwa maoni yake mota ilichomolewa na kuuzwa peke yake.

"Mama nesi," alisema kwa upole, "wamekupa maiti. Tena maiti isiyo na utumbo."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri simu zao walicheka. Mama alimshukuru, akabeba ule mwili wa chuma kifuani, akatangulia mbele njia nzima. Angenigombeza ningepumua. Nyumbani aliuweka mezani palepale ilipokuwa cherehani, kwenye alama zile zile za miguu, akakaa kitandani akaanza kupinda pindo la gauni la zamu kwa sindano ya mkono. Sindano ikamchoma. Akanyonya kidole akaendelea.

Usiku ule niliandika kurasa nyingi ambazo sitazinakili hapa. Zote zilikuwa na sentensi moja iliyojirudia, kwamba nilifungua mdomo mara moja tu katika maisha yangu na nikakitoa kitu cha bibi yangu nje ya nyumba.

Jumamosi nilikwenda Maguu. Mwenzangu alikuwa amepanda kwao kusaidia kahawa, na nilitaka kumwambia ana kwa ana kwamba basi, yamekwisha. Nilimkuta njiani na bibi yake wakishuka kati ya mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya kuzuia maji mteremkoni, kila mmoja na mzigo wa kahawa kavu. Nikachukua sehemu ya mzigo wa bibi, nikawafuata hadi kwenye ghala la kupimia. Njiani nilijaribu kuanza. Mwenzangu aliniona uso akasema nisimwambie kwanza, tupime kahawa, mabaya hayaozi.

Ghalani watu walikuwa wamenuna. Mizani ya umeme ilikuwa imekufa chaji, wakatoa ile ya zamani, yenye fimbo ya chuma iliyochorwa alama na kipande kizito kinachotelezeshwa juu yake. Gunia la bibi likapandishwa. Mpimaji akasukuma kile kipande kidogo mbele, fimbo ikabaki imenyanyuka, ikiyumba.

"Jiwe lisogeze mbele, baba," bibi akasema. "Nimezaliwa naliona jiwe hilo. Lisogeze."

Mpimaji akalisogeza kidogo. Fimbo ikashuka taratibu, ikatulia mlalo, sawa na upeo wa macho, yenyewe, bila mtu kuishika. Inavuta yenyewe. Wewe unatazama tu.

"Ni jiwe," nikasema.

Mwenzangu akageuka. "Ndiyo, ni jiwe. Ulitaka liwe nini, ndizi?"

Nilimweleza, maneno yakitoka bila mpangilio: fimbo ubavuni, mkono uliolala, soko la samaki, mama na mawe ya tochi. Aliposikia la tochi alikaa chini juu ya magunia akacheka hadi bibi yake akamfinya. Halafu tukashuka wote wawili Mbinga na gari la kwanza lililopita, bila hata kunywa chai.

Kazi ya kuitengeneza tuliifanya Jumapili, yeye aliporudi kutoka misa. Jiwe tulilitengeneza kwa kopo la rangi lililojazwa mchanga, tukalifunga kwa waya ili liteleze kwenye fimbo mbele na nyuma. Vile vishikizo viwili vilivyopotea fundi seremala wa jirani alivichonga kwa mti, na mimi nikavivisha soli ya malapa yangu ili visikwaruze fremu. Ila hatukujua jiwe letu linavuta kwa uzito gani. Mama, aliyekuwa ametuangalia toka mlangoni, alikwenda kliniki akarudi na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto, ya zamani, iliyostaafu. Pale panapotundikwa kaptura ya mtoto tukatundika uzi.

"Raketi inavutwa kilo ngapi?" akauliza.

Kwenye fremu pameandikwa kwa paundi, tukakokotoa. Ilikuwa kama mtoto anayeanza shule. Mama akasema huyo sio mtoto wa kliniki tena, lakini akashika mizani, mwenzangu akasukuma kopo, mimi nikasoma mshale. Kwa mara ya kwanza tangu Kihagara mama alitabasamu, na nilijiruhusu kuamini kwamba tunakwenda Songea.

Raketi ya kwanza ilikuwa ile niipendayo. Nilianza kufunga nyuzi za wima, tena kwa haraka, upande mmoja hadi mwisho ndipo niende wa pili, kwa sababu ilikuwa raha kuona ule mkono ukishuka wenyewe. Fremu ilijikunja kidogo, sikuijali. Kwenye uzi uliofuata ikalia kama kuni kavu, ikafa. Ufa ulianzia kwenye bega hadi karibu na mpini. Mwenzangu aliushika ule ufa kwa vidole viwili kama anayetaka kuufunga. Hatukutazamana.

Ya pili tuliifanya kwa hofu: uzi mmoja kulia, mmoja kushoto, kutoka katikati kwenda nje. Kisha zile za kulala, kufuma juu na chini, juu na chini, hadi vidole vikachubuka. Kibano kimoja kilikuwa kinateleza, nikawa nakikaza kwa koleo kila mara. Umeme ulikatika tukiwa tumebakiza mistari michache, na mama akaleta tochi yenye yale mawe ya Mbamba Bay. Nayo yakawa yamepata kazi. Nilipofunga fundo la mwisho nilipiga nyuzi kwa kucha. Zililia. Sijawahi kusikia raketi ya shule yetu ikilia.

Rola likawa limebaki kidogo. Ya tatu iliishiwa uzi kabla ya nusu, tukamalizia kwa mshipi wa samaki, na mshipi hata ukiuvuta namna gani unarudi kulegea. Tulijua. Tuliziweka zote mbili kwenye mfuko mmoja kama ndugu.

Jumatatu mwalimu alikuja uwanjani mwenyewe. Alipiga mpira kwa ile yenye nyuzi za kweli, akanyanyua nyusi. Akapiga kwa ile ya mshipi, akanirudishia.

"Hii ni raketi," alisema. "Na hiki ni chandarua kipya. Raketi moja, mtu mmoja, atacheza mashindano ya mmoja mmoja. Chezeni nione, mnabadilishana raketi kila mchezo ili pasiwe na manung'uniko."

Tukasogeza mahindi ya watu. Mwenzangu alisimama upande wa pili wa wavu, mahali ambapo sikuwa nimezoea kumwona tukiwa na jambo la maana. Nilitaka kushinda. Naandika hivi kwa sababu baadaye watu walisema nilimwachia, na si kweli. Nilikitaka kile kiti.

Nikiwa na chandarua nilimshinda. Nyuzi zilizolegea zinarusha mpira zenyewe, unagusa tu unakwenda, na mkono wangu ulikuwa umekulia humo. Nikipokea raketi ya kweli, mpira uleule, pigo lilelile, ulidondoka kwenye wavu. Nikapiga tena, ukadondoka tena. Ile raketi haikutoa chochote ambacho hukuiwekea, na mimi sikujua kuweka. Yeye, mwenye mabega ya kubeba magunia ya kahawa, aliipenda tangu pigo la kwanza. Nilisikia nyuzi nilizofunga mwenyewe zikilia upande wake, safi kabisa, na kila mlio ulikuwa unanitoa kwenye gari.

Mwalimu, aliyekuwa akitazama nani anaimudu raketi ya kweli, aliandika jina la mwenzangu. Mwenzangu alikuja kwenye wavu, akasimama, yeye ambaye hakosi la kusema, akakosa. Mwisho akauliza, "Ikikatika?"

"Isikatike," nikasema.

Waliondoka alfajiri. Sikwenda stendi. Jioni ya siku ya kwanza ya mashindano nilikuwa nimekaa mezani na ile mashine mbele yangu, mama dirishani akishona kwa mkono, simu yake ikalia. Ujumbe ulitoka kwenye simu ya mwalimu, lakini maneno yalikuwa ya mwenzangu: Imekatika. Nilikuwa naongoza. Uzi wa tatu kutoka kushoto, pale kibano kilipokuwa kinateleza. Nimetolewa. Pole Bubu wangu.

Niliusoma ujumbe ule mpaka taa ya simu ikazima. Alikuwa hata hivyo amehesabu nyuzi, akijua nitataka kujua ni upi. Nililia, na sikujali mama akiona. Hakukuwa tena na mtu wa kwenda popote. Tulikuwa na raketi moja iliyokatika, moja iliyopasuka, vyandarua viwili, na mahali pa cherehani pamekaliwa na kopo la mchanga.

Nilikigusa kile kibano. Meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja, na mzee lazima alikuwa na namna yake ya kukifanya kishike, maana alikuwa akibania wavu.

"Mama," nikasema, "nataka kurudi Kihagara."

Mama hakuinua kichwa. "Kuomba cherehani?"

"Kumwuliza mzee kuhusu kibano."

Sindano ikasimama katikati ya kitambaa. Alinitazama kwa muda mrefu, vile nilivyomtazama siku ile akila.

"Atauliza nani?"

"Mimi."

Akakata uzi kwa meno. "Basi anza kujizoeza kwenye gari," alisema, "maana safari hii mimi sifungui mdomo."